MBEGU YA MCHICHA: JINSI YA KUIOTESHA NA KUIWEKA AKIBA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mkoa wa Katavi

  Tafadhali kila mtu awe na daftari lake na kalamu yake. Kiongozi wa kikundi aweke mezani vitu vitatu: kijiko cha chai, kitambaa safi, na mbegu kidogo za mchicha kama zinapatikana.

Somo la leo ni juu ya kitu kidogo sana. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Gramu moja tu ina mbegu elfu moja na zaidi. Lakini katika kitu hicho kidogo mna mboga ya nyumba nzima.

Hebu tufikiri juu ya mwezi wa Septemba. Kwetu Katavi mvua huanza mwezi wa Novemba, na mwezi wa Aprili huwa zinakwisha. Basi mwezi wa Septemba nchi imekauka. Mboga za porini zimekwisha. Ukienda sokoni, fungu la mchicha ni dogo na bei yake ni kubwa. Nyumba iliyo na mbegu na ndoo moja ya maji kwa siku hula mboga. Nyumba isiyo na mbegu hununua, au hulala bila mboga. Tena watoto ndio wa kwanza kuumia.

Wako wanaosema, "Mimi nitanunua mbegu wakati huo ukifika." Ndiyo, zinauzwa. Lakini fedha hukosekana siku ile ile zinapohitajika, na pengine pakiti iliyokaa dukani miaka mingi haioti. Kwa hiyo leo tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni kuotesha mchicha vizuri. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni kuacha miche michache isikatwe, ili tupate mbegu yetu wenyewe. Mwenye kukata yote anakula leo tu. Mwenye kuacha kumi anakula mwaka mzima.

KWA NINI MCHICHA?

Mwaka 1973 redio ilifundisha nchi nzima kwa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakaenda kufanya kazi. Baadhi ya wazee wetu wanakumbuka. Jambo moja lililofundishwa siku zile ni kweli hata leo: tumbo kujaa ugali si sawa na mwili kushiba.

Majani ya mchicha yana vitamini A, vitamini C, madini ya chuma na chokaa ya mifupa. Mtoto anayekosa vitamini A huweza kupata upofu wa usiku, yaani haoni jua linapokuchwa. Chuma husaidia kutengeneza damu, nayo inahitajiwa sana na mama mwenye mimba. Ukipika mchicha, tia mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, kwa maana vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Ukiula pamoja na dagaa wa Ziwa Tanganyika, au ukikamulia ndimu, chuma chake huingia mwilini zaidi. Usiupike mpaka ukawa uji.

Tena mchicha hupenda joto, nasi joto tunalo. Huota upesi na huvunwa upesi. Hakuna mboga nyingi ambazo mtu anapanda leo, kisha wiki ya nne anaweka sufuria jikoni.

KUTENGENEZA TUTA

Chagua mahali karibu na nyumba na karibu na maji, pasipo kivuli kingi. Shamba la mbali halifai kwa kazi hii, kwa sababu miche midogo yataka kutazamwa kila siku.

Pima tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tatu. Mita moja ni kama hatua moja ndefu ya mtu mzima. Usizidishe upana, maana sharti mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Lima kina cha jembe, toa mizizi na mawe, kisha vunja mabonge mpaka udongo uwe laini. Mbegu ndogo haiwezi kupenya bonge kubwa.

Changanya samadi debe moja mpaka mawili. Samadi iwe imeoza kabisa, haina joto, haina harufu kali. Mbolea mbichi, hasa ya kuku, huunguza miche.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili. Wakati wa mvua, inua tuta juu kidogo, ili maji yapite pembeni. Wakati wa kiangazi, fanya kinyume chake: tuta liwe chini kidogo kuliko ardhi ya pembeni, nalo lizungushiwe ukingo mdogo, ili maji yasitoroke. Watu wengi hufanya tuta la mvua katika kiangazi, wakachoka kwa kuteka maji, nayo maji yakakimbia kando.

Usisahau ua. Zungushia matete, mianzi au miiba. Kuku mmoja huweza kumaliza kazi ya wiki nzima kwa dakika tano.

KUPANDA

Wengi wenu mmelima tumbaku, au mmeona jirani akiilima. Mnajua jinsi mbegu ya tumbaku ilivyo kama vumbi, na jinsi kitalu chake kinavyotunzwa. Mbegu ya mchicha ni kubwa kidogo kuliko ya tumbaku, lakini akili ni ile ile.

Chukua nusu ya kijiko cha chai cha mbegu. Hiyo yatosha tuta lote la mita tatu. Ichanganye na mchanga mkavu, kiasi cha vijiko vitano au sita vikubwa. Mchanga wafanya kazi ya kutawanya. Ukipanda mbegu tupu, nyingi huanguka mahali pamoja, na mahali pengine panabaki patupu.

Chora mistari kwa kijiti. Kina kiwe nusu sentimita, yaani kama unene wa kamba nyembamba. Toka mstari mpaka mstari acha sentimita 20, yaani urefu wa shubiri moja. Nyunyiza mbegu na mchanga katika mistari, kisha fukia kwa udongo kidogo sana. Mbegu iliyofukiwa chini mno huota lakini hufa kabla haijaliona jua.

Tandaza nyasi kavu juu, kidogo. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, ili maji yaanguke kama manyunyu. Maji yakimwagwa kwa ndoo, mbegu huchukuliwa na kukusanyika pembeni. Kwa tuta hili, ndoo moja ya lita 20 kwa siku yatosha: nusu asubuhi, nusu alasiri kabla jua halijatua.

Siku ya tatu mpaka ya tano utaona miche. Hapo ondoa nyasi mara moja, wakati wa jioni. Miche ikikaa chini ya nyasi hurefuka na kuwa dhaifu kama uzi.

SIKU ZA HATARI

Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari. Uko ugonjwa uitwao kinyausi. Shina la mche huoza karibu na udongo, mche unalala chini, nao unakufa. Leo waona mitatu imelala, kesho waona thelathini. Kinyausi hupenda mahali penye miche iliyosongamana na udongo uliolowa mno. Hakifukuzwi kwa maneno. Hukingwa kwa kupanda mbegu chache, kwa kupunguza miche iliyobanana, kwa kutozidisha maji, na kwa kutopanda mchicha mahali pale pale kila mara.

Miche unayoing'oa kwa kupunguza usiitupe. Midogo ipikwe. Iliyofika urefu wa kidole yaweza kuhamishwa kwenye tuta lingine, jioni, na kumwagiliwa papo hapo.

Wadudu nao watakuja. Ukiona majani yametobolewa, geuza jani utazame chini yake, maana viwavi hujificha huko. Waokote kwa mkono asubuhi. Vidukari wakiwa wachache, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Hapa nina neno zito. Kuna dawa za kuua wadudu wa tumbaku na wa pamba. Dawa hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya mboga. Mboga ya majani huliwa baada ya siku chache, nayo sumu huwa bado imo katika jani. Usipige dawa ya tumbaku wala ya pamba kwenye mchicha hata kidogo. Kama hapana budi kutumia dawa, mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba kwanza, usome karatasi ya chupa, na uhesabu siku za kungoja kabla ya kula. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma. Herufi zile ndogo kwenye chupa ziliandikwa ili kukulinda wewe na watoto wako.

KUCHUMA

Wiki ya tatu au ya nne baada ya kupanda mchicha wako tayari. Waweza kung'oa mche mzima, au waweza kukata. Anayekata hupata zaidi. Kata shina kwa kisu safi, ukiacha sentimita 15 juu ya ardhi pamoja na majani machache. Matawi mapya yatatoka pembeni, na baada ya wiki moja au mbili utakata tena. Baada ya kukata, mwagilia na uongeze samadi kidogo iliyooza.

KUMI ZISIZOKATWA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo letu. Kabla ya kukata mara ya kwanza, tembea katika bustani bila kisu. Tazama tu. Chagua miche kumi iliyo bora kuliko yote: yenye majani mapana, shina nene, isiyo na ugonjwa, na isiyokimbilia kutoa maua. Funga kila mmoja uzi mwekundu au kitambaa. Mwambie kila mtu wa nyumbani, mpaka watoto: mwenye uzi hakatwi.

Watu wengi hufanya kinyume. Hukata mizuri yote wakaila, kisha mibaya iliyobaki hutoa maua, nao wakachukua mbegu humo. Mwaka unaofuata mchicha huwa mdogo, na mwaka wa pili huwa mdogo zaidi. Kisha husema udongo umechoka. Pengine si udongo. Mfugaji hachagui fahali mgonjwa awe baba wa ng'ombe wake. Kadhalika mwenye bustani asichague mche dhaifu uwe mama wa mbegu zake.

Miche hiyo kumi ipe nafasi, shubiri mbili toka mche mpaka mche. Ng'oa mchicha wa porini ulio karibu, hasa ule wenye miiba, kabla haujatoa maua. Upepo huchukua unga wa maua toka mmoja mpaka mwingine, na mbegu yako yaweza kuchanganyika.

Baada ya miezi mitatu hivi tangu kupanda, masuke huanza kukauka. Yajaribu hivi: pikicha suke kidogo katika kiganja. Mbegu ngumu zikianguka zenyewe, wakati umefika. Usingoje zaidi, maana ndege watakutangulia, na nyingine zitamwagika chini. Kata masuke asubuhi wakati kuna umande kidogo, ili mbegu zisipukutike njiani. Yaweke juu ya kitambaa au mkeka, mahali penye hewa na kivuli, mpaka yakauke. Pikicha kwa mikono, kisha pepeta katika ungo taratibu, kwa kuwa mbegu ni nyepesi na upepo mkali huzichukua pamoja na makapi.

Mche mmoja mzuri huweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu. Basi kumi zatosha nyumba yako, na jirani yako, na darasa lako.

KUWEKA NA KUANDIKA

Mbegu ina adui wawili: unyevu na joto. Zikaushe tena siku mbili tatu kivulini, kisha uzitie katika chupa kavu yenye kifuniko kinachobana. Usitumie chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya wadudu. Iweke mahali pa baridi na giza, mbali na meko.

Tena usiweke chupa bila maandishi. Kila mmoja aandike sasa katika daftari lake, kwa herufi kubwa, karatasi kama hii:

MCHICHA
ULIVUNWA: 20 AGOSTI, MWAKA . . . . .
MAHALI: BUSTANI YA NYUMBANI, KAKESE
MWENYEWE: . . . . . . . . . .

Karatasi hiyo ibandikwe kwenye chupa. Mtu asiyeandika husema, "Nakumbuka." Lakini baada ya mwaka mmoja chupa tatu zenye mbegu nyeusi hufanana kabisa, wala hakuna anayejua ipi ya zamani.

KUPIMA MBEGU KABLA YA KUPANDA

Hesabu mbegu 50. Zipange juu ya kitambaa kilicholowa, kikunje, ukiweke katika sahani mahali penye joto la kawaida. Kisikauke. Baada ya siku saba fungua uhesabu zilizoota.

Zikiwa zimeota 40 kati ya 50, ni sawa na 80 kati ya 100. Mbegu hiyo ni nzuri. Zikiwa zimeota 25, ni nusu tu. Usizitupe, bali panda mara mbili ya kipimo: badala ya nusu kijiko, panda kijiko kizima. Zikiwa zimeota 5, tafuta mbegu nyingine. Ni afadhali kujua hivyo kwa kitambaa kimoja kuliko kujua baada ya kulima tuta zima na kuteka maji wiki mbili.

UKINUNUA MBEGU

Mtu wa mara ya kwanza hana mbegu, basi atanunua au ataomba kwa jirani. Ukinunua, soma pakiti kabla ya kutoa fedha. Tafuta jina la mboga, tarehe ya mwisho ya kutumika, na alama ya TOSCI. Hiyo ni taasisi ya Serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, yenye makao makuu Morogoro. Pakiti iliyofunguliwa, au iliyofifia maandishi kwa jua, iache dukani.

Tazama pia rangi. Mbegu nyekundu, buluu au kijani isiyo ya asili mara nyingi imepakwa dawa. Mbegu ya namna hiyo ni ya kupanda tu. Usiile, usimpe kuku.

Jambo jingine: mboga nyingine kama kabichi na nyanya mara nyingi huuzwa mbegu za chotara. Ukiweka mbegu ya chotara, watoto hawatafanana na mama yao. Mchicha wa kawaida hauna taabu hiyo. Ndiyo sababu tumeuchagua kuwa somo la kwanza la kuweka mbegu. Hata wataalamu wanauthamini. Huko Arusha kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, kilichoanza kazi mwaka 1992, ambacho kimekusanya mbegu za mboga zetu za asili: mchicha, mnavu, mgagani na nyinginezo. Mboga ambayo wengine waliidharau kuwa ni magugu, leo inatunzwa kama mali.

MWISHO WA SOMO

Ndugu zangu, hakuna kazi leo inayohitaji trekta wala mkopo. Yahitaji jembe, ndoo, nusu kijiko cha mbegu, uzi mwekundu, na karatasi iliyoandikwa. Nawaomba kila darasa litengeneze tuta moja la pamoja karibu na mahali pa kusomea. Andikeni siku ya kupanda, siku ya kuota, siku ya kukata na siku ya kuvuna mbegu. Daftari hilo litakuwa kitabu chenu wenyewe, kilichoandikwa na mikono yenu, juu ya udongo wenu.

Kisha mbegu zikipatikana, kila mwanafunzi achukue chupa ndogo nyumbani. Na atakayekuja darasani mwakani apewe kijiko chake.

 

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini tunachanganya mbegu za mchicha na mchanga?
2. Tuta la kiangazi na tuta la mvua hutofautiana namna gani?
3. Kwa nini dawa ya tumbaku haifai kupigwa kwenye mchicha?
4. Mama mmoja alipima mbegu 50. Zikaota 30. Hiyo ni ngapi kati ya 100?
5. Mchicha umepandwa tarehe 1 Mei. Katika mwezi gani mbegu zitakuwa tayari kuvunwa?
6. Andika karatasi ya kubandika kwenye chupa ya mbegu zako.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kinyausi: ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga karibu na udongo.
Chotara: mmea uliopatikana kwa kuchavusha maua ya aina moja kwa unga wa maua ya aina nyingine.
Pikicha: sugua katikati ya viganja ili mbegu zitoke.
Samadi: mbolea ya mavi ya wanyama.